Mashine Moja, Betri Mbili

Jumatatu, 3 Juni 2013

Makala ya malori. Tumeianza saa tisa alasiri, tumeimaliza saa kumi na moja. Mimi natembea kati ya mlango na dirisha, nasema. Atupele anachapa. Ndivyo tunavyofanya kazi tangu 2009. Sitazami kioo cha laptop. Kioo hunivuruga. Makala naiona ikishatoka gazetini, na kila mara nafurahi jinsi sauti yangu inavyonyooka ikipigwa chapa.

Leo nilikuwa moto. Foleni ya malori imefika ukuta wa shule, wanafunzi wanapita katikati ya matairi, na kuna watu wanakusanya ushuru wa maegesho kana kwamba waliwahi kujenga maegesho. Mkubwa wao nimemwita "kupe mwenye tai". Atupele alitulia kidogo. Kisha nikasikia vidole vinaendelea.

Najua mhariri kule Mbeya ataikata hiyo kupe. Hukata kila chenye meno. Nimemwandikia barua zaidi ya kumi za kumkemea, Atupele amezichapa zote, na hajajibu hata moja. Dharau.

Tulipofika aya ya mwisho Atupele alianza kuniambia habari za mama yake aliyeko Mbebe. Nikamwambia tumalize kwanza. Tulipomaliza akasema si kitu, akaondoka na mashine.

Kesho mpaka Ijumaa mashine ni yake. Tuliinunua nusu kwa nusu kwenye duka la Hajji Shabani. Mashine moja, betri mbili: moja inalala kwangu, moja kwake, zinajazwa chaji umeme ukiwapo. Inayohama ni mashine. Herufi A na K zimefutika kabisa. Na sisi wawili tuna jina moja gazetini, Shubiri. Hapa Tunduma, mpakani, wanaojua Shubiri ni nani hawafiki watano.

Jumatano, 5 Juni

Atupele amenunua laptop yake.

Ameingia nayo chumba cha walimu asubuhi. Toleo jipya la ile ile ya kwetu. Jina lile lile, namba imepanda. Nyembamba kama daftari kubwa, rangi ya fedha, vibonye vyake havipigi kelele. Walimu wamemzunguka. Mwalimu wa hesabu akawa anaipapasa kwa kiganja kama anapapasa ndama. "Hii ni ya Sauzi," akatangaza. "Imetoka ng'ambo, Nakonde. Siyo hizi za kwetu za Kichina." Wote wakaitikia. Watu wenye shahada.

Mimi nilikuwa mlangoni, chaki mkononi.

Atupele akanifuata. "Dada, nilitaka kukuambia Jumatatu."

Nikamwambia hongera, na kwamba kengele imelia. Kengele haikuwa imelia.

Nina wivu. Naandika hapa ili nisijidanganye. Ningeweza kuandika kwamba nasikitishwa na utumwa wa vitu, kwamba soko huria limetupa uhuru wa kuchagua rangi ya kava na hakuna kingine. Hayo ni kweli pia. Lakini tumboni ni wivu, wa kawaida, kama wa msichana aliyeona gauni la mwenzake.

Ijumaa, 7 Juni

Shule imefungwa. Atupele amekuja nyumbani na mashine yetu ndani ya mfuko wa kitenge. Ameiweka mezani. Kisha akatoa betri yake, akaiweka kando ya mashine.

"Baki navyo vyote, dada. Nusu yangu nakuachia."

Betri zote mbili mezani kwangu. Kama mahari inayorudishwa.

Alikaa dakika kumi. Akaanza, "Mama hali yake..." Nikamkatiza. Nikamuuliza nani sasa atakuwa Shubiri.

"Si sote?"

"Sote kwa mashine ngapi?"

Akainuka. Chai hakuimaliza. Nimeimwaga mwenyewe.

Jumapili, 9 Juni

Ibada. Nafasi ya Atupele kwenye kwaya ilikuwa tupu. Labda amekaa nyumbani anaibembeleza laptop.

Mahubiri yalihusu ndugu wawili na sadaka zao. Sikuyapenda.

Jumanne, 11 Juni

Gazeti limefika na basi la Mbeya. Kupe hayumo. Nilijua. Mahali pake pana sentensi hii: "Anayetoza ushuru wa maegesho atuonyeshe maegesho." Safi. Sikumbuki kuisema, lakini ni yangu, ni mimi kabisa. Nimeisoma mara tatu.

Mchana mhariri alipiga simu. Wasomaji wanaitaka Shubiri kila wiki kuanzia Julai, si mara mbili kwa mwezi. Makala ya malori Mwalimu Atupele alimtumia moja kwa moja kwa laptop yake mpya, ikafika siku hiyo hiyo. Ameniuliza, kwa upole wa kuudhi, ijayo ataitarajia kwa nani.

"Kwangu," nikasema. "Shubiri ni mimi."

Kisha akasema anaisubiri kabla ya tarehe ishirini.

Nimeshasema. Sasa lazima iwe kweli. Na sauti iliyotembea chumba hiki miaka minne ilikuwa ya nani? Mimi ndiye niliyesoma. Kabati langu lina historia za mapinduzi ya mabara matatu. Atupele anasoma Biblia na maelekezo ya pakiti za mbegu. Vidole ndivyo alivyokuwa navyo. Vidole!

Ila siwezi kuandikia kila wiki mashine isiyo na A. Nitanunua toleo jipya. Kama lake, au linalolizidi. Pesa ya mabati ya jiko ipo. Jiko limevuja mvua tatu, litavuja ya nne.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeamka nimeamua kwenda Nakonde. Naandika hili kwa aibu, kwa sababu miaka miwili iliyopita Shubiri iliwacharaza watu wa mji huu wanaovuka kwenda Zambia kununua vitu vilivyopita Tunduma hii hii kutoka bandarini. Niliwaita watu wanaolipia upepo wa kuvuka. Leo nimevuka kwa miguu, mkoba kwapani, nimejifunga mtandio hadi puani. Nilisema moyoni ni baridi.

Duka ni dogo, lina kioo. Muuzaji kijana mwenye miwani. "Mwaiseni, mayo." Karibu, mama. Akanifungulia ile ile, ya fedha. "Hii ya Joburg, mayo. Battery yake strong, nine hours. Siyo za kule kwenu."

Niliigusa. Vibonye vinashuka kama vinakubali. Kioo cheupe, maneno yanasimama. Niliandika jina langu. Niliandika Shubiri. A ilikuwapo mahali pake.

Nikaomba kuona boksi, ili nijipe muda. Nikaligeuza chini. Muhuri wa wino wa zambarau: duka la Hajji Shabani, Tunduma. Mtaa wangu. Naliona duka hilo nikienda kununua chumvi.

Nikamwonyesha. Akacheka bila haya. "Ah, mayo. Box ni box."

Nimerudi mikono mitupu. Niseme ukweli: hata baada ya kuuona muhuri, mikono haikutaka kuiacha.

Ijumaa, 14 Juni

Kwa Hajji Shabani kabla hajafunga kwenda msikitini. Mtu wa Kondoa, yuko hapa miaka ishirini, ana duka na ana malori mawili. Binti zake watatu wamepita darasani kwangu, kwa hiyo ananiogopa kidogo na kunitania sana.

Nilimwambia habari za muhuri. Akacheka mpaka akashika kaunta. "Mwalimu, zile za Nakonde nawauzia mimi. Asubuhi zinavuka. Jioni zinarudi na lafudhi."

Nikamwambia anieleze kama anaeleza mahakamani: toleo jipya lina nini ambacho letu halina?

Akaziweka mbili kwenye kaunta, la zamani na jipya. Amenieleza kwa haki, nampa hilo. Jipya lina kasi zaidi, kwa wanaocheza michezo na kukata picha. Kamera yake nzuri zaidi. Ni jepesi. Tundu la CD wameliondoa. Na betri wameifungia ndani kwa skrubu, haitoki tena kama ya kwetu. "Wanasema hivyo inapendeza."

"Na kwa mtu anayeandika tu?"

"Kwa mtu anayeandika tu, Mwalimu, ile yenu inaandika haraka kuliko unavyofikiri. Usinune. Hata kuliko ninavyofikiri mimi. Badilisha kibodi tu, nakuwekea mpya wiki hii."

"Niuzie jipya."

"Mteja aliyenuna simuuzii. Kesho atalirudisha na maneno."

Kisha akasema jambo ambalo linanizunguka mpaka sasa. Atupele alianzia dukani kwake. Hakuuliza kasi wala kamera. Aliuliza kitu kimoja: inakaa na chaji saa ngapi? Hajji akamwambia ukweli, saa nne, ukiipunguzia mwanga. Akasema hazimtoshi. Siku ya pili akavuka Nakonde, wakamwambia saa tisa, akanunua. Boksi lile lile, akalilipia zaidi kwa ajili ya saa tano ambazo hazimo.

Mwanamke mwenye akili vile. Saa tisa za nini? Umeme wa Tunduma hukatika, ndiyo, lakini haukatiki hivyo.

Nimefurahi kwamba alidanganywa. Hilo nalo naliandika.

Hajji ameniwekea moja chini ya kaunta mpaka Jumamosi ijayo. Hasira ikipoa niende nikaichukue, ikiwa bado naitaka.

Jumatatu, 17 Juni

Nimeandika peke yangu. Kwenye mashine ya zamani, kwa vidole viwili, saa sita nzima. A naitafuta kwa kukumbuka, K kwa kubahatisha. Siwezi kutembea na kuchapa. Nikisimama maneno yanakuja, nikikaa yanakimbia.

Lakini imetoka. Nimerudia ya wanaovuka mpaka. Safari hii sikuwahurumia. Nimewaita wapumbavu waliosomeshwa, nimewaita mashimo yenye miguu. Katikati nimeweka hii: "Yupo mwalimu mmoja mjini hapa aliyevuka kwenda kununua kilichotoka mtaani kwake. Alilipa zaidi ili adanganywe kwa Kiingereza."

Atakayejua atajua.

Kwamba mimi pia nilivuka sikuandika. Mimi sikununua.

Jumanne, 18 Juni

Nimeituma kutoka kwenye duka la intaneti. Nimemtazama dada wa pale akibonyeza. Imekwenda.

Nimetembea nyumbani nikiimba. Nimepita njia ya nyumbani kwa Atupele makusudi. Madirisha yamefungwa. Hata kuku hawapo.

Alhamisi, 20 Juni

Simu ya mhariri, saa nne asubuhi.

"Mwalimu, hii kaandika nani?"

"Shubiri."

"Shubiri namjua. Huyu ni mtu mwingine. Ana hasira, na hana nukta."

Nilimpa maneno yangu. Nikamkumbusha miaka minne ya kunikata, kila neno kali, kupe, mumiani, punda wa kukodi, yote aliyoyafyeka kwa woga wake. Alisubiri nimalize. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi sijawahi kukata hata neno moja. Makala zenu zilifika safi. Nilikuwa naziweka kama zilivyo."

"Na barua zangu?"

"Barua gani?"

Nilikaa kwenye kochi. Akaendelea, polepole, kama anayemwambia mtu habari ya msiba. Kwa kuwa hakuielewa makala, amemtumia Mwalimu Atupele, athibitishe kama ni ya kwetu.

Atupele ameisoma, basi. Au ataisoma leo. Sentensi ya Kiingereza na yote.



Ijumaa, 21 Juni

Sijawahi kuipekua mashine hii. Kwangu ilikuwa kama cherehani: unashona, unaifunika. Leo nimefungua kila kitu.

Makala zetu zote zipo, kwa mwaka. Pembeni kuna folda imeitwa "Makali". Nikaibonyeza.

Ni maneno yangu. Yote aliyoyatoa Atupele, tangu ya kwanza mwaka 2009, kila moja na tarehe yake. Mumiani yupo. Punda wa kukodi yupo. Kupe mwenye tai yupo, tarehe 3 Juni. Chini ya baadhi ameandika. "Nzuri mno kuipoteza, lakini mtu huyu ana watoto shuleni kwetu." "Dada alikuwa na homa leo." "Hii itunzwe. Akistaafu yule bwana tutaitumia." Na mahali pamoja: "Hapa amesema kweli kuliko sote, ila tutafungiwa gazeti."

Folda nyingine imeitwa "Zisizotumwa". Barua zangu kwa mhariri, kumi na saba. Alizichapa zote kwa uangalifu. Hata alama za mshangao aliziacha.

Kwanza nilikasirika. Nilipiga meza, betri ikaanguka. Miaka minne napigana na mtu wa Mbeya ambaye hajui kuna vita! Kisha nikatoa magazeti ya zamani, nikalinganisha. Mistari ambayo watu walinishikia mkono sokoni. Ile ya maegesho. Ile ya mizani ya kahawa, ambayo wakulima wa Igamba waliikata gazetini wakaibandika ukutani kwenye stoo ya chama cha ushirika. Nimetafuta ipi ni yangu. Hasira ni yangu. Ushahidi ni wangu, tarehe, hoja. Lakini ule mstari wa mwisho unaobaki kichwani mwa mtu, mara nyingi ni wake.

Sasa ninao wivu halisi. Wa kwanza ulikuwa mchezo.

Jumamosi, 22 Juni

Nimekwenda kwa Hajji na pesa ya mabati. Nilijiambia nanunua. Nilijiambia nakwenda kusema sinunui. Sikujua.

Alitoa boksi chini ya kaunta, akaliweka mbele yangu, hakulifungua. "Umeshasikia habari za mgonjwa?" akauliza.

Mgonjwa gani.

Hajji akaacha utani. Mama yake Atupele amepooza upande mmoja tangu mwezi wa tano. Hakuna wa kumtunza. Atupele ameomba uhamisho kwenda shule ya kule Ileje, amehamia Mbebe tangu Jumamosi iliyofuata shule kufungwa. Gari lililobeba vitu vyake ni la Hajji. Alidhani nilijua. Wote walidhani nilijua. Mwalimu wa hesabu anajua, muuza mkaa anajua.

Kila mtu alimsikia Atupele. Mimi ndiye niliyekuwa naongea.

Saa tisa za chaji. Nyumba ya mama yake haina umeme.

"Nikufungie?" Hajji akauliza, mkono juu ya boksi.

Nikamwambia arudishe chini ya kaunta, amuuzie mwingine. Akasema, "Hiyo ndiyo mara ya kwanza sijabishana na wewe." Nikamwambia asizoee.

Jumatatu, 24 Juni

Mbebe. Nimepanda gari la Ileje asubuhi na ukungu, mashine kwenye mfuko wa kitenge, betri mbili nimezifunga kwenye sweta. Zote zimejaa.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anaanika maharage. Aliniona kutoka mbali, hakusimama. Nilipofika nilikuwa na hotuba. Nimeiandaa njia nzima. Imepotea.

"Umeisoma," nikasema.

"Nimeisoma. Ile ya kudanganywa kwa Kiingereza ni nzuri, dada. Nimeiacha. Mengine uliandika unalia."

"Sikulia."

"Basi mashine ililia."

Akaingia ndani, akarudi na daftari la shule. Alikuwa ameisoma makala kwenye senta, kule kwenye maduka, akainakili kwa kalamu, akainyoosha. Makala ya kumshambulia yeye. Ameweka nukta. Ameondoa mashimo yenye miguu. Mwalimu mmoja aliyevuka mpaka hakumwondoa, tena amemsogeza aya moja mbele ili aonekane vizuri.

Kwa mara ya kwanza nilinyamaza, na yeye akasema. Alisema kwa muda mrefu. Mama alivyoanguka. Uhamisho. Alivyoona aibu kunitaka tuuze mashine tugawane, akaona afadhali aniachie yote anunue nyingine. Alivyojaribu kuniambia mara tatu. Nilizihesabu naye: Jumatatu ya malori, chumba cha walimu, chai.

Kisha akanionyesha laptop yake ya fedha. Imefungwa kwenye kanga, juu ya kabati, imekufa. Sola ya nyumba inawasha taa mbili na kuchaji simu. Kuijaza laptop lazima aipeleke senta, mwendo wa saa nzima, na kwa kuwa betri haitoki, lazima aiache yenyewe kwa watu, au akae nayo pale mchana kutwa. Na mama hawezi kuachwa mchana kutwa. Kwa wiki mbili ameiwasha mara moja.

"Saa tisa," nikasema.

"Tatu na nusu, dada. Walinipiga."

"Na mimi nilivuka," nikasema. "Tarehe kumi na tatu. Nilijifunika mtandio."

Alicheka mpaka maharage yakamwagika. Ndani mama yake akauliza kwa Kindali kuna nini. Nikaingia, nikapiga magoti, nikamwamkia. Shikamoo mama. Akamuuliza mwanawe huyu ni nani.

"Ndiye yule anayeongea," Atupele akamwambia.

Mama akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Inaonekana ninajulikana.

Wakati wa kuondoka nikaweka mashine ya zamani mezani, na betri zote mbili. Kule Mbebe ndiko inakofaa. Betri moja inakwenda senta mfukoni kwa mtu yeyote, nyingine inafanya kazi, mashine haitoki nyumbani. Hajji atamtumia kibodi mpya.

"Chukua yetu. Nipe yako."

"Dada! Umekuja kuninyang'anya?"

"Ndiyo."

"Tangu lini unaitaka?"

"Tangu ulipoingia nayo mlangoni."

Akaifuta vumbi kwa ncha ya kanga. "Ungesema tu," akasema.

Lakini aliniwekea sharti. Nijifunze kuweka nukta mwenyewe. Yeye atasoma, atanirudishia, lakini hatakuwa kila mara karibu kunisikiliza nikitembea. Makala itakwenda kwa flashi, na gari la Ileje, kila Alhamisi. Itarudi Ijumaa. Jina ni lile lile.

Jumamosi, 29 Juni

Shubiri imetoka. Ukurasa wa nne, juu. Tulimwongeza mtu mmoja: "Na yupo mwalimu wa pili, aliyeandika dhidi ya wanaovuka, naye akavuka. Huyu alijifunika mtandio." Hiyo niliisema mimi. Nukta ya mwisho ni yake.

Muuza mkaa amenisomea kwa sauti, bila kujua, akicheka. "Huyo wa mtandio," akasema, "ndiye mbaya zaidi."

Nimekubaliana naye. Mkaa amenipa kwa bei ile ile.

Jumatano, 3 Julai

Baridi kali. Fundi yuko juu ya jiko, anagonga mabati.

Nimekaa na laptop ya fedha dirishani. Ni nzuri. Nilidhani ikifika mezani kwangu itaniandikia. Inakaa tu, na kamshale kake kanapepesa, inasubiri. Hajji alikuwa sahihi na sitamwambia. Mtu akiniuliza kama inafaa kununuliwa nitamuuliza anakaa wapi na anaandika na nani.

Makala ni ya kahawa ya Igamba, bei inayopangwa kabla mkulima hajashusha gunia. Nimechapa kwa vidole vinne sasa. Nilipofika kwa mnunuzi nilimwita "fisi mwenye mizani". Moyo ukafurahi. Nikataka kuendelea.

Nikasimama. Nilikuwa nangoja kitu, sikujua ni nini. Kisha nikajua. Ni ule utulivu wa vidole vyake. Miaka minne niliusikia kila nilipopita kiasi, nikadhani anatafuta herufi.

Fundi naye alikuwa ameacha kugonga.

Nimefungua folda mpya, nimeiita Makali. Nimemhamishia fisi humo, nikaandika tarehe.

Kisha nukta.